Simba Walipolazimika Kuja Ruangwa

Mimi ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi hapa Nachingwea. Korosho zikishuka napima korosho, ufuta ukivunwa napima ufuta, katikati hapo mbaazi. Mpira sijausomea. Lakini foleni ya mizani ni ndefu, na watu waliokalia magunia yao tangu alfajiri hawana la kufanya ila kubishana. Zamani walibishana bei. Siku hizi bei inapangwa mnadani na haibishaniki, kwa hiyo tangu mwaka 2019 wanabishana Namungo.

Nje ya mikoa ya kusini, Namungo ni mstari mmoja kwenye msimamo wa Ligi Kuu. Mtu wa Mwanza au Tanga anajua ipo, pengine anajua inavaa nini, na hapo habari inakwisha. Kwetu habari inaanzia hapo, nami naona inafaa iandikwe na mtu asiyelipwa na timu wala kuidai chochote.

Ruangwa ni mji wa ndani mkoani Lindi, umezungukwa na vilima. Ukitoka Dar es Salaam unashuka na barabara ya kusini hadi Mingoyo, unashika njia ya Masasi, ukifika Nanganga unakata kuingia ndani. Timu ilipopanda Ligi Kuu kipande hicho cha Nanganga hadi Ruangwa, kilomita 50 na ushee, kilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Lami ilikuja baada ya timu. Namungo lenyewe ni jina la kijiji wilayani humo, kijiji kinachojulikana kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mgeni akija kutafuta uwanja huko atapotea. Uwanja uko Ruangwa mjini na unaitwa Majaliwa, jina la Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa tangu mwaka 2010 hadi 2025 na Waziri Mkuu tangu Novemba 2015 hadi Novemba 2025.

Sisi wa Nachingwea tuko jirani, upande wa kusini-magharibi. Ruangwa, Nachingwea na Liwale tunauza mazao kupitia chama kikuu kimoja cha ushirika, RUNALI, na ukiangalia herufi za jina hilo utaona nani katangulizwa. Zamani isingekuwa hivyo. Nachingwea ndiyo iliyokuwa kubwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliichagua pamoja na Kongwa na Urambo kwa ule mradi wao wa karanga, wakaleta matrekta, wakajenga reli kutoka pwani kuja mpaka hapa. Mradi ulivunjwa mwaka 1951. Reli nayo haikumaliza miaka mingi baada ya uhuru, ikafungwa. Kisha FRELIMO wakaweka hapa kambi yao ya mafunzo, na Samora Machel akaishi na wapiganaji wake hadi Msumbiji ikapata uhuru mwaka 1975. Kwa hiyo mzee wa Nachingwea anaweza kukuhesabia Wazungu, treni na wapigania uhuru aliowaona kwa macho yake. Timu ya kumtoa jasho Simba haikutoka kwake. Ilitoka kwa jirani, na hilo wengine bado hawajalimeza.

Kwa asiyefuatilia, nieleze njia ilivyo. Timu ya Tanzania huanza kwenye ligi ya wilaya, ikashinda ikaenda ligi ya mkoa, bingwa wa mkoa akakutana na mabingwa wenzake, anayetoka hapo akaingia Daraja la Pili, halafu Daraja la Kwanza, ambalo leo linaitwa Championship, ndipo Ligi Kuu. Timu nyingi huishia njiani. Hazifungwi sana uwanjani, zinakwama kwenye nauli. Timu ya daraja la chini husafiri mikoa kwa basi la kukodi, hulala kwenye gesti ya bei rahisi, na mechi za nyumbani haziingizi kitu kwa sababu mashabiki wanachungulia kupitia uzio. Timu ikifika mahali haina mtu wa kutia mkono mfukoni, kocha anaondoka, wachezaji wazuri wanafuata, na jezi zinabaki kwa katibu.

Msimu wa 2018/19 Daraja la Kwanza liligawanywa makundi mawili, na kinara wa kila kundi alipanda moja kwa moja. Kundi moja lilitoa Polisi Tanzania, jingine likatoa Namungo. Pamba ya Mwanza na Geita walipelekwa kwenye mchujo dhidi ya Kagera Sugar na Mwadui wakashindwa. Stand United ya Shinyanga na African Lyon ya Dar es Salaam wakashuka. Kwenye redio habari hiyo ilisomwa kwa dakika moja.

Sisi tuliokuwa kwenye mizani msimu huo tunaukumbuka kwa jambo jingine kabisa. Oktoba 2018 wakulima wa kusini walizikataa bei za mnada wa korosho. Wanunuzi hawakupandisha, minada ikasimama, magunia yakalala maghalani. Tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itazinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaingia kusomba. Bei ilikuwa nzuri. Pesa ndiyo iliyochelewa, kwani ilibidi kila mkulima ahakikiwe kwanza, ijulikane shamba lake liko wapi, isije ikawa ni mtu wa kangomba aliyenunua kwa bakuli vijijini na kuja kujifanya mkulima. Nimeshika peni ya uhakiki nikiwaangalia watu wazima wakihesabiwa mikorosho yao mmoja mmoja. Kwa miezi hiyo Nachingwea na Ruangwa pesa ilikuwa haionekani. Fundi baiskeli alikopesha, muuza samaki alikopesha, na shule zilipofunguliwa Januari kila mzazi alikuwa na maelezo.

Na ndio msimu timu ikapanda. Nimelifikiria sana hilo. Kama klabu ingekuwa inaishi kwa viingilio vya mlangoni, isingevuka mwaka ule. Iliishi kwa kuwa ilikuwa na mlezi mkubwa, na mlezi huyo kila mtu anamjua. Mimi sioni aibu kuliandika, kwa sababu sijaona timu ya Ligi Kuu nchini inayoishi kwa kiingilio peke yake. Simba na Yanga zina matajiri wao, Azam ina kiwanda nyuma yake, Polisi na Prisons na JKT ni za vyombo vya dola, Mtibwa na Kagera ni za sukari. Namungo ilikuwa na Waziri Mkuu. Tofauti ni kwamba kiwanda hakigombei ubunge.

Agosti 2019 wakaingia Ligi Kuu. Timu 20, mechi 38 kwa kila moja. Kocha alikuwa Hitimana Thierry, mbele walikuwapo Relliants Lusajo na Mrundi Bigirimana Blaise, katikati Lucas Kikoti, beki ya kushoto Edward Manyama. Wengi wa hao walikuwa wameshazunguka timu nyingine, si vijana wa kuokotwa. Wanaposema Namungo ilikuwa timu ngeni, ni kweli klabu ilikuwa ngeni, lakini miguu ilikuwa inaijua ligi. Hapo ndipo palipoonekana akili ya usajili. Klabu ndogo ikipanda hujaribiwa kubaki na waliopandisha timu, kwa shukrani, na shukrani ikaishusha.

Mtwara walikuwapo tayari. Ndanda, Wana Kuchele wenyewe, walikuwa Ligi Kuu tangu mwaka 2014. Ghafla kusini kukawa na timu mbili, na mtu wa Lindi na mtu wa Mtwara wakawa na mechi yao ya ubishi isiyohusu Simba na Yanga. Raha ile ilidumu msimu mmoja tu. Mwisho wa 2019/20 Ndanda walishuka.

Ligi, kabla ya kuwa mashindano ya nani bora, ni ratiba. Ratiba inasema tarehe fulani Simba watacheza Ruangwa. Haisemi wakipenda. Watu wa Kariakoo waliozoea kuwaona wa mikoani wakiwafuata, sasa ilibidi wapande basi wao, wale vumbi la Nanganga wao, watafute vyumba kwenye mji ambao gesti zake zilijengwa kwa ajili ya wanunuzi wa ufuta. Kwa mtu wa Ruangwa ambaye maisha yake yote kila kitu cha maana kimekuwa Dar es Salaam, hospitali kubwa, chuo, ofisi ya kufuatilia mafao, jambo hilo lina ladha yake. Katikati ya Machi 2020 Yanga walikuja, wakatoa sare ya 1-1. Siku chache baadaye Serikali ikasimamisha michezo yote kwa sababu ya korona, na ligi haikurudi hadi Juni.

Tarehe 8 Julai 2020 wakaja Simba. Ubingwa walikuwa wameshauchukua siku kumi nyuma, kule Mbeya, kwa sare na Prisons. Kilichobaki ni kukabidhiwa kombe, na ikaamuliwa wakabidhiwe baada ya mechi ya Ruangwa. Nilikwenda. Msimu wa ufuta ulikuwa unaendelea na niliomba ruhusa kwa kusema nina mgonjwa, ambayo haikuwa uongo kamili kwa sababu nilifikia kwa mjomba wangu na mjomba daima ana kitu kinamuuma.

Mjomba ni kaka wa mama. Kwetu Wamwera mjomba ni mtu wa kuogopwa, maana mambo ya ukoo yanapita kwake. Huyu wangu ni Yanga wa kuzaliwa. Asubuhi ile alikuwa kwenye kibaraza, kanzu na kofia, redio mkononi.

"Shikamoo mjomba. Huendi uwanjani?"

"Marahaba. Niende nikaangalie Simba wakipewa kombe? Mlangoni kwangu?"

"Si unakwenda kuangalia Namungo, mjomba?"

"Namungo nitawaona wiki nyingine."

Alikuja. Nilimwona kipindi cha pili, amesimama kwenye mzunguko kwa nyuma, kofia ameivua ili asijulikane. Mechi yenyewe haikuwa na cha kusimulia, iliisha 0-0. Barakoa zilikuwa nyingi shingoni kuliko usoni. Vijana wa bodaboda waliokuja kutoka Nachingwea, Mandawa, Mbekenyera na vijiji visivyo na jina kwenye ramani walikuwa wameegesha pikipiki mpaka njia ikaziba. Akina mama waliuza mihogo ya kukaanga, mayai na korosho za kubanguliwa kwa kifuko kidogo cha nailoni, na bei ya kifuko ilipanda kipindi cha mapumziko bila aibu. Lakini rangi ndiyo iliyonishangaza. Karibu nusu ya watu walikuwa wamevaa wekundu wa Simba. Hawakuja na mabasi ya Dar es Salaam. Walikuwa watu wa Ruangwa na Nachingwea, nawajua kwa majina na kwa kilo zao. Kipa wa Namungo alipodaka, walinyamaza. Kombe lilipoinuliwa, waliruka.

Kuna waandishi wa magazeti wanaowalaumu watu hawa, wakiwaita wasaliti wa timu ya nyumbani. Mimi siwalaumu. Mtu wa miaka 50 alipokuwa mtoto hapakuwa na Namungo. Palikuwa na redio, na redio ilikuwa na Simba na Yanga. Baba yake alimrithisha shamba, mikorosho na upande wa kushangilia. Huwezi kumwambia aache kimoja kati ya hivyo vitatu kwa sababu timu imepanda daraja juzi. Kinachofanyika ni hiki: kwenye mechi zote nyingine ni Namungo, siku ya Simba au Yanga nusu ya mji inahama kwa dakika 90, kisha inarudi.

Msimu uliisha Simba wa kwanza, Yanga wa pili, Azam wa tatu, Namungo wa nne. Timu iliyokuwa na mwaka mmoja Ligi Kuu ikawapita Mtibwa, Kagera Sugar na wengine waliokuwa humo tangu wachezaji wake wengine hawajaanza shule. Huku Kombe la Shirikisho la nchini, lile wengi wanaloliita FA, liliendelea. Nusu fainali Namungo waliwatoa Sahare All Stars ya Tanga 1-0, na fainali ikachezwa tarehe 2 Agosti kwenye Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga. Tazama ramani. Kutoka Ruangwa kwenda Sumbawanga ni kuikata nchi kutoka pembe hadi pembe. Luis Miquissone akafunga, John Bocco akaongeza, Manyama akapunguza moja, Simba wakashinda 2-1.

Walioshindwa hawakurudi mikono mitupu, na hapa ndipo watu wengi huchanganya. Tanzania mwaka ule ilikuwa na nafasi mbili tu za Afrika: bingwa wa ligi aende Ligi ya Mabingwa, bingwa wa Kombe la FA aende Kombe la Shirikisho la Afrika. Simba walikuwa wamechukua vyote viwili, na mtu hawezi kucheza mashindano mawili. Nafasi ya kombe ikamwangukia mshindi wa pili wa kombe. Kwa hiyo Yanga wa pili kwenye ligi walibaki nyumbani, Azam wa tatu walibaki nyumbani, na Namungo wa nne wakatafuta hati za kusafiria. Mjomba alipoelezwa hivyo alikaa kimya, akaniuliza ni nani ametunga sheria hiyo.

Mwisho wa Agosti walifungwa tena na Simba, 2-0 mechi ya Ngao ya Jamii pale Arusha. Kabla mwaka haujaisha Hitimana akaondoka, akaja Hemed Suleiman, Mzanzibari anayejulikana zaidi kwa jina la Morocco, ambaye miaka ya baadaye alipewa Taifa Stars. Ndiye aliyewavusha Afrika.

Safari ya Afrika nitaipita haraka isipokuwa Angola. Walianza na Al Rabita ya Sudan Kusini, wakashinda 3-0 Chamazi. Wakakutana na Al Hilal Obeid ya Sudan, wakavuka. Mechi zote za nyumbani zilichezwa Dar es Salaam, kwa hiyo sisi wa huku tuliziona kwenye banda umiza kama watu wa Bukoba. Februari 2021 wakapangiwa na Primeiro de Agosto ya Angola. Timu ikapanda ndege hadi Luanda. Walipofika wakapimwa korona, baadhi yao wakaambiwa wanayo, msafara mzima ukawekwa karantini na mechi haikuchezwa. Hapa Nachingwea siku zile hakuna aliyefanya kazi. Wapo walioapa ni hujuma, wapo waliosema timu imetolewa, yupo mzee mmoja aliyetaka kujua kama Angola ni mbali kuliko Msumbiji, maana ingekuwa Msumbiji angekuwa na ndugu wa kuwapelekea chakula. Shirikisho la Afrika likaamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Ya kwanza Namungo wakashinda 6-2. Ya pili wakafungwa 3-1. Ukijumlisha ni 7-5, wakaingia makundi.

Makundi yalikuwa kichapo. Raja Casablanca ya Morocco, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia. Mechi sita, pointi sifuri, bao hata la kuotea hawakupata. Watani wa mitandaoni walikula na kushiba. Ila Raja ndio waliolichukua kombe lenyewe mwaka huo, na kwa hesabu za Afrika hata anayeburuza mkia kwenye kundi la Shirikisho huiletea nchi yake nusu pointi. Msimu uliofuata Tanzania ikawa na timu nne Afrika badala ya mbili. Kazi kubwa ilikuwa ya Simba waliofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, hilo halina ubishi. Kisahani chetu kilikuwamo.

Niliposhikwa na habari hizi nilianza kutafuta miji mingine midogo iliyowahi kupata bahati kama hii, na mtoto wa dada aliyeko chuo akanitafutia habari za Wales. Nchi ile ya Uingereza ina timu zinazocheza kwenye ligi ya Waingereza tangu zamani. Mwaka 1920 ligi ilipoongeza Daraja la Tatu, timu ya Merthyr Town, mji wa bonde la makaa ya mawe, ikaingia, na mwaka uliofuata jirani zao Aberdare Athletic wakafuata. Fikiria Ruangwa na Nachingwea zote mbili ligi moja. Kisha soko la makaa likaanguka, mwaka 1926 wachimbaji wakawa nje ya migodi kwa miezi kadhaa, na mchimbaji asiye na mshahara haendi uwanjani. Enzi zile wa mkiani wa Daraja la Tatu hawakushushwa kwa pointi. Walipigiwa kura na wenzao wabaki au waondoke. Aberdare walikosa kura mwaka 1927, nafasi yao wakapewa Torquay. Merthyr wakatolewa mwaka 1930. Hawajarudi mpaka leo. Wakubwa walioona ni mbali na hakuna mapato walipiga kura tu, na mji ukafutwa kwenye ratiba.

Swansea ni habari nyingine na ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mwaka 1978 walikuwa Daraja la Nne. Miaka mitatu baadaye, chini ya John Toshack, walikuwa Daraja la Kwanza, na msimu wao wa kwanza humo wakaongoza ligi kwa kipindi, wakamaliza wa sita. Mwaka 1986 walikuwa wamerudi Daraja la Nne, madeni juu yao. Mashabiki waliopanda nao na kushuka nao ni walewale, uwanja uleule.

Namungo haijashuka tangu ilipopanda. Nafasi ya nne haijarudi tena, na makocha wamepita wengi kuliko mameneja wa chama chetu, jambo ambalo si dogo. Mapato ya ligi nayo yamebadilika: mkataba wa haki za televisheni uliosainiwa mwaka 2021 na Azam ni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, na mgawo wake unafika hata kwa timu ya porini. Hiyo ndiyo tofauti na Merthyr. Mkulima asipolipwa korosho zake, kamera bado inakuja. Lakini upande mwingine wa kitabu umebadilika pia. Mwaka 2025 Majaliwa hakugombea tena Ruangwa, na tangu Novemba mwaka huo si Waziri Mkuu. Jina lake liko ukutani kwa uwanja. Watu wa Ruangwa wanapolizungumza hilo hushusha sauti. Wale wa Nachingwea huongea kwa sauti ya kawaida, na wengine, Mungu awasamehe, kwa furaha kidogo.

Kinachonikera mimi ni kingine. Katika majina yale ya mwaka 2020 yanayotajwa mpaka leo kwenye foleni, tafuta la kijana wa Kimwera. Utatafuta sana. Timu imeleta ligi, haijapeleka mtoto wa hapa kwenye ligi kwa wingi ambao ungetegemea, na sidhani kama ni kosa la miguu. Ligi ya wilaya hapa Nachingwea inachezwa watu wakiwa shambani, mipira yenyewe ni ya kuazimana, na mtafuta vipaji akija huja siku ya mnada.

Mjomba ana mjukuu, beki wa kushoto, ana miaka 17 na mapafu ya kukimbia mpaka kesho. Anataka Namungo, hataki kusikia kingine. Mwaka jana tulikaa naye kibarazani kujadili nauli ya kumpeleka majaribio, mjomba akatoa hela yote bila kuombwa mara mbili. Nikaona nimchokoze.

"Sasa mjomba, wakimsajili, siku ya kucheza na Yanga utavaa nini?"

Akaikunja noti iliyobaki, akairudisha kwenye mfuko wa kanzu.

"Siku hiyo nitakuwa shamba."